Ati mwanafunzi wa digrii ya kwanza hawezi utafiti wa hewa?

Ukisema wanafunzi wa digrii ya kwanza waingizwe kwenye utafiti wa hewa chafu mitaani Kampala, kuna maneno utayasikia tu.

"Hao ni wa kujazisha fomu." Wapi bwana. Mwanafunzi aliyepanga Bwaise, mtaa mmoja wa Kampala, anajua mama wa chapati anawasha sigiri saa ngapi na takataka zinachomwa wapi, sasa mwache achague na wakazi mahali pa kufunga kifaa cha kupima hewa uone kama hakuleta swali ambalo profesa ofisini halimjii kabisa.

"Vifaa vya bei rahisi vinadanganya." Hapa wana ukweli nusu. Kile kifaa kinapitisha mwanga wa leza kwenye hewa na kuangalia chembe zinavyoutawanya, sasa unyevu ukizidi chembe zinavimba kwa maji na namba inapanda bure, na asubuhi za mvua za Kampala si unazijua. Dawa yake ni kukiweka kando ya mashine kubwa ya kuaminika, unalinganisha, unasahihisha. AirQo, mradi wa kupima hewa wa Chuo Kikuu cha Makerere ulioanza 2015, wanaunda vifaa vya kwao hapo hapo na vingine vinafungwa kwenye boda boda. Na kwa maoni yangu hiyo kazi ya kulinganisha ndo shule yenyewe, mwanafunzi anaona namba imeruka halafu lazima atafute kwa nini.

"Moshi hauonekani, basi hewa safi." Hii wanayo wakazi na wanafunzi wote! Chembe za PM2.5, yaani vumbi na moshi laini kabisa hewani, hazizidi mikromita 2.5, jicho halizioni. Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2021 walishusha kiwango cha juu wanachopendekeza cha chembe hizo, wastani wa mwaka, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita moja ya ujazo, na Kampala tuko juu mbali sana.

"Jamii ni ya kutoa data." Ndo maana wenyeviti wa LC1, yaani wa serikali ya mtaa, wamechoka na watu wa chuo. Matokeo yarudi mtaani kwa Luganda au Kiswahili kabla ripoti haijafungwa, maana fundi wa gereji anaweza kukwambia ile namba ya saa mbili usiku sio magari, ni takataka za soko zinachomwa.

"Wafanye bure, wanapata uzoefu." Nauli ya boda nani analipa? Wapeni nauli, barakoa, na ratiba isiyogongana na mitihani, la sivyo kifaa kitakaa wiki mbili kimezimika na hakuna wa kwenda kukiangalia.