Kabla hujaongeza AC ya pili, panda kwanza juu ya silingi

Kila ikifika Januari simu za ofisini kwetu zinabadilika, watu hawaulizi tena habari za nyufa na fangasi ukutani, wanauliza joto. Mi ni injinia wa majengo, kazi yetu kwenye taasisi ni kupima vifaa vya ujenzi na kushauri wananchi, na swali linaloongoza ni hili: ninunue AC ya ukubwa gani? Jibu langu huwa linawaudhi kidogo maana na mimi nauliza, juu ya silingi yako kuna nini? Karibu kila mtu anajibu hamna kitu, kuna kenchi na popo.

Shemeji yangu wa Goba ndo alinipigia vizuri zaidi. "Shem, njoo uicheki hii AC, nadhani gesi imeisha, inapuliza tu hailetei baridi, na LUKU inaliwa kama sina akili." Nikaenda saa tisa mchana makusudi. Nyumba nzuri tu, ya kisasa, paa la kuficha, yaani lile linalojificha nyuma ya ukuta ulioinuliwa, bati jeusi, silingi ya gipsam na mataa yamezungushwa. Nikamwambia panda kwenye stuli weka kiganja kwenye silingi, akaweka, akautoa, akaweka tena. Nikamwambia sasa gusa ukuta wa ndani. Akaniangalia. "Mbona juu kama pasi iliyozimwa sasa hivi?" AC yake ilikuwa nzima kabisa, ila ilikuwa inapigana na paa zima peke yake.

Tuanzie hapo kwenye pasi. Dar tupo digrii kama 7 hivi kusini mwa ikweta, kwahiyo mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na kama tarehe 10 Oktoba, jua la saa sita linapita utosini kabisa, na miezi mingine pia halishuki sana. Maana yake anayepigwa zaidi ni paa, sio ukuta. Jua la mchana bila mawingu linamwaga kama wati 1,000 kwenye kila mita moja ya mraba, na pasi ya umeme ya kawaida ni hizohizo wati 1,000. Sa fikiria paa la mita za mraba 100, umepanga pasi 100 zimewashwa juu ya kichwa chako. Sio zote zinaingia ndani, lakini bati la rangi nyeusi linanyonya sehemu kubwa, mchana linafika digrii 60 mpaka 70, na unene wake haufiki hata nusu milimita kwahiyo halizuii chochote, linachopokea juu linakiachia chini hapohapo.

Na halileti joto kwa kuchemsha hewa tu. Ukikaa karibu na jiko la mkaa unaungua uso hata kama upepo unapita katikati yenu, ule ni mnururisho, joto linasafiri lenyewe kama mwanga. Bati linafanya hivyohivyo kwa gipsam, gipsam ikishapata moto inakufanyia wewe uliyelala chini, yaani una jiko limening'inizwa kichwa chini miguu juu. Ndo maana unawasha feni namba tano na bado mwili unafukuta.

Kwahiyo kihami joto, au insulesheni kama mafundi wanavyosema, kwa hapa Dar kinaanzia juu. Cha kwanza ambacho watu wengi hawakifikirii ni rangi. Bati jeupe au krimu, au lililopigwa rangi nyeupe ya kuakisi jua, linarudisha juu sehemu kubwa ya mwanga kabla haujawa joto. Kama ndo unajenga na hujanunua bati, nakuomba usichukue jeusi, najua linapendeza kwenye picha. Weupe unataka kuoshwa, vumbi na ukungu wa kijani vikikaa faida inapungua.

Cha pili ni foili, ile karatasi ya alumini inayong'aa. Foili nzuri inarudisha zaidi ya asilimia 90 ya joto la mnururisho, ila kuna sharti moja ambalo mafundi wengi wanaliruka na mimi mwenyewe limenikuta, tena kwangu Kimara. Nilisafiri nikamwachia fundi kazi, narudi nakuta foili imebanwa katikati ya papi (mbao zinazopigiliwa bati) na bati, uso unaong'aa umegusana na bati kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Ikigusana hivyo haina kazi, joto linapita kama bati juu ya bati. Foili inataka nafasi ya hewa, angalau sentimita mbili na nusu, upande ule unaong'aa. Tukabishana kweli maana nilimwambia uso unaong'aa uangalie chini. "Injinia, si uangalie jua lilipo?" Hapana. Uso wa juu unapata vumbi, na vumbi la Kimara unalijua, mwaka mmoja tu ung'avu umekufa. Uso unaoangalia chini unabaki safi, na alumini safi hata ikipata moto inatoa mnururisho kidogo sana kwenda chini. Tukaibandua yote, tukaipigilia chini ya mbao za kenchi, tukaacha upenyo kwenye mgongo wa paa na kule kwenye fisha bodi, ubao wa ukingoni mwa paa, ili hewa ya moto ipande itoke na nyingine iingie.

Hapa nisimame kidogo kwenye usalama. Foili ni chuma, inapitisha umeme. Australia mwaka 2009 na 2010 serikali ililipia wananchi kuwekewa insulesheni, kazi ikaenda mbiombio, wakafa mafundi vijana wanne, watatu kwa umeme na mmoja kwa joto la huko darini. Baadhi ya hao wa umeme ni pini za chuma za kubania foili zilizotoboa waya. Kwahiyo zima swichi kubwa kabla mtu hajapanda, na apande asubuhi saa moja sio saa nane mchana.

Cha tatu ni ile pamba ya njano inayowasha, faibaglasi, hii inatandikwa juu ya silingi. Inazuia joto kwa sababu imejaa vijihewa vilivyotulia, sentimita 10 za faibaglasi zinazuia kama zege la zaidi ya mita mbili. Hii nawashauri hasa wenye AC. Vaa glovu, barakoa na shati la mikono mirefu, ziba kwanza panapovuja maana ikilowa haina maana tena, na usifunike taa za zamani zinazopata moto. Stairofomu, lile povu jeupe linalokuja kwenye boksi la TV, nayo inazuia joto vizuri ila inashika moto haraka na moshi wake ni mbaya, mi siipendi juu ya silingi yenye waya kila kona.

Sasa jambo linalochanganya watu. Chumba cha AC kinatakiwa kizibwe, matundu ya hewa juu ya dirisha, uwazi chini ya mlango, yote, maana hewa ya Dar imejaa unyevu na AC inatumia nguvu nyingi kuukausha, ukiacha matundu unaukausha mji mzima. Chumba kisicho na AC ni kinyume chake, kinataka upepo upite kati, uingie huku utokee kule. Wazee walijua, ile nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo yenye korido katikati na ua nyuma ilikuwa inapumua. Miezi ya joto kali, Desemba mpaka Machi, upepo unaovuma ni wa kaskazi, unatokea kaskazini mashariki, kwahiyo dirisha la upande huo lina thamani, na wengi wetu tumelielekeza kwenye ukuta wa jirani.

Ukuta wa magharibi nao usisahau. Jua la saa kumi linakuja chinichini, hakuna paa linaloukinga, tofali za bloku zinanyonya mpaka jioni na zinakurudishia saa nne usiku ukitaka kulala. Mti ni bora kuliko pazia, maana jua likishavuka kioo limeshaingia, pazia linapokea joto likiwa tayari ndani. Mwarobaini mmoja upande huo unafanya kazi miaka, na haulipiwi LUKU.

Wapangaji wa chumba kimoja chini ya bati bila silingi, nawajua, nimekaa Manzese. Kupiga rangi bati la mwenye nyumba ni mazungumzo, ila mwambie tu, rangi inamlindia na bati lake. Usiku hewa ya nje ikishapoa weka feni dirishani ivute hewa ya nje ndani badala ya kuzungusha ileile. Na feni inakula wati 60 hivi wakati AC ndogo inakula karibu 1,000, kwahiyo hata mwenye AC aiweke 26 na feni juu yake, atasikia ubaridi uleule wa 23.

Shemeji paa lake la kuficha lina nafasi ndogo, foili isingekaa vizuri, akapiga rangi nyeupe juu ya lile bati jeusi na kutandika faibaglasi juu ya silingi. Wiki mbili baadaye simu tena, saa tano usiku. "Shem, AC imeharibika kweli safari hii, inazima yenyewe." Nikamuuliza chumba kina baridi? Akasema ndio. Nikamwambia ilikuwa haijawahi kufika digrii ulizoiwekea, leo imefika, mwache apumzike.