Kabla ya kuuliza maji yako wapi, tuambieni godauni lina nini

Tangu sisi zimamoto tuanze hii kampeni ya kukagua maghala yanayozunguka bandari, simu na meseji tunazopata nyingi ni lawama, na kubwa ni ile ile ya miaka yote, eti faya wanakuja bila maji. Nalijibu fasta halafu tuingie kwenye jambo lenyewe.

Gari linatoka kituoni limejaa. Chukua lenye lita 5,000, fungua mipira miwili, kila mmoja unatoa lita 500 kwa dakika, hapo una dakika tano. Tano tu! Likiondoka kufuata mengine wewe upo na simu yako unarekodi, "wanakimbia hao". Kwenye godauni kubwa la bandarini maji ya kwenye gari ni ya kuanzia, kazi inabebwa na haidranti (yale mabomba ya mtaani ya kuchotea maji ya zimamoto), mabowza ya maji yanayopishana, na upande wa gati zile tagi zinazovuta meli, maana nyingine zina mizinga ya kurusha maji ya bahari. Na haidranti ndiyo hizo mlizozijengea vibanda vya chipsi juu yake, tuyaache hayo nisije nikakasirika.

Tunachotaka kujua kwanza ni mzigo. Kuna usiku mmoja, sitasema wapi wala godauni la nani, tumefika mabati yameshaanza kujikunja, namuuliza mlinzi ndani kuna nini, ananiambia "mali za bosi, afande". Mali gani? "Mchanganyiko." Funguo hana, bosi hapokei simu, anayeujua mzigo ni kijana wa foklifti na zamu yake iliisha saa kumi na mbili jioni. Ikabidi tubaki nje tunapoza ukuta wa godauni jirani huku raia wanatuzomea, mpaka kijana akaletwa na bodaboda, kandambili miguuni, akasema kona ya nyuma kuna mapipa ya kabaidi. Mafundi wa kuchomelea mnaijua, ikikutana na maji inatoa gesi ile ile mnayochomelea (na ndiyo hiyo hiyo wajanja wanaivishia maembe). Sasa tungewasikiliza wale wa "mwageni maji bwana" tungekuwa wapi?

Beirut kule Lebanon, tarehe 4 Agosti 2020, kikosi kiliitwa bandarini kwenye moto wa ghala namba 12, watu kumi, zimamoto tisa na dada mmoja wa huduma ya kwanza. Kuna picha yao ya mwisho wanahangaika kufungua mlango. Ndani kulikuwa na tani 2,750 za amonia naitreti, kemikali inayoweza kulipuka, iliyokaa pale miaka, wao hawakuambiwa, ikalipuka. Hakurudi hata mmoja, na mjini walikufa zaidi ya watu 200. Tianjin kule China, Agosti 2015, ghala la kemikali bandarini, wakafa 173 na 104 kati yao ni zimamoto. Mimi picha ile ya mlango huwa naionyesha kwenye kila semina, wenye maghala wananyamaza dakika mbili halafu mmoja ananyoosha mkono kuuliza cheti cha ukaguzi wa moto ni shilingi ngapi.

Haya, cheti. Unaomba ukaguzi kwenye ofisi yetu ya wilaya, mkaguzi anakuja, anaangalia milango ya dharura, mitungi ya kuzimia moto, nyaya za umeme, mpangilio wa mzigo, anaandika mapungufu, unarekebisha, anarudi kuhakiki, unapewa control number (namba ya kulipia serikalini), unalipa, cheti kinatoka. Unalipa kwa control number, humpi mkaguzi pesa mkononi, na akikuomba turipoti. Cheti cha mwaka jana ni cha mwaka jana. Na ukibadilisha mzigo, ulikaguliwa unahifadhi mchele leo una thina na klorini ya unga, utoe taarifa upya, kile cheti hakikulindi. Yote haya yapo chini ya Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Sura ya 427, na kukaidi kunaweza kukufikisha mahakamani, sitaki kuonekana natisha mtu ila msije mkasema hamkuambiwa.

Kontena lenye mzigo hatari lina lebo ya umbo la almasi na namba ya daraja la hatari, 1 mpaka 9. Ya bluu yenye mwali na namba 4 maana yake maji ni hatari, tunatafuta poda kavu. Ya njano yenye 5.1 inaupa moto hewa, ukiufunika hausikii. Naomba sana clearing agents, nyie mnaotoa mizigo bandarini, msibandue lebo mzigo ukiingia ghalani! Orodha ya mzigo na ramani vikae kwa mlinzi getini, nakala ya karatasi kabisa, siyo kwenye laptop iliyoko ofisini ndani ya moto. Ukipiga 114, namba yetu ya dharura, anza na mzigo, mtaa utafuata sekunde ileile.

La mwisho ni marobota ya pamba na katani. Moto unaingia katikati ya robota na kukaa humo siku kadhaa, nje unaona limelowa na limepoa. Ndiyo maana tunayatoa moja moja, tunakata waya, tunachambua kwa uma na kulowesha, hata wiki inaisha. Mwenye mali ukija siku ya pili na malori kutaka kupakia "yaliyopona", jibu letu ni hapana mpaka tuyafungue yote.