Mfarishi wa kwanza uwe wako

Mwezi haupiti bila mtu kunijia na mfuko wa kanga za marehemu mama yake, au nguo za uchangani za mtoto ambaye sasa yuko darasa la tatu. "Fundi, nifundishe, nataka nimshonee dada yangu zawadi ya harusi." Namkaribisha, namwekea kiti, nazitoa zile kanga moja moja na kuzitandaza mezani, maana napenda kuzitazama. Kisha namwambia neno ambalo wengi hawalifurahii: mfuko huu urudishe kabatini kwanza. Mfarishi wa kwanza uwe wako mwenyewe.

Siku hizi wengi husema blanketi la viraka. Mimi nimebaki na neno la wazee wetu wa pwani, mfarishi. Ni tabaka tatu: uso wa viraka, ujazo wa katikati, na bitana chini yake, zimeshonwa pamoja kwa mkono mpaka zikawa nguo moja. Kanga ya dukani ukiikosea unanunua doti nyingine. Ya marehemu haina nyingine. Tena ufundi huu una makosa yasiyoonekana siku ya kumaliza kushona. Huonekana baada ya miezi sita, mfarishi ukiwa umelaliwa, umefuliwa, umeanikwa juani na kuburutwa na watoto sakafuni. Ukimpa mtu mfarishi wako wa kwanza, yale makosa yanakwenda kwake, nawe hutapata kuyajua.

Wangu wa kwanza niliukusudia kwa shangazi yangu. Viraka vyekundu vya kanga mpya, nimevikata siku ileile niliyoinunua, bado ina wanga wa kiwandani, nikavipanga kwa zamu na viraka vyeupe vya shuka. Niliuona mzuri mno hata nikauweka kwangu wiki moja kabla ya kuupeleka, nikaufua ili ufike safi. Vyeupe vyote vikatoka na madoa ya waridi. Nililia, kwa kweli. Lakini nimeulalia ule mfarishi miaka mingi, na umenifundisha kuliko fundi aliyenishika mkono: nguo yoyote mpya ifuliwe peke yake, maji baada ya maji, mpaka yatoke maangavu. Kisha chukua kitambaa cheupe kibichi, kiweke juu yake, pitisha pasi ya moto. Kikibaki cheupe, kata. Wako wanaosema loweka kwenye chumvi au siki ili rangi ishike. Kwa kanga za kiwandani nimejaribu vyote viwili na sikuona faida. Rangi iliyozidi huondolewa kwa maji, haifungwi.

Kanga kuukuu haina shida ya rangi. Shida yake ni uchovu. Inyanyue dirishani uitazame dhidi ya mwanga. Palipochoka utapajua, nyuzi zimeachana na mwanga unapita kama kwenye chekecheo. Mara nyingi ni pale katikati, palipokalia kiuno miaka yote, huku pembe na pindo vikiwa bado imara. Shika kipande kwa vidole gumba viwili, vuta taratibu kwa urefu, kisha kwa upana. Kikilia, kiache, au kama huna moyo wa kukiacha kipe mgongo wa bafta nyepesi kabla ya kukata.

Hesabu ni hii. Kanga moja ina takriban sentimita 150 kwa 110. Ukikata viraka vya sentimita 17 kila upande, ukashona kwa kuacha sentimita moja pembeni, kila kimoja kitabaki 15. Kanga nzima na nzima kabisa inatoa viraka 48. Kuukuu shukuru ukipata nusu. Mfarishi wa kujifunikia miguu, viraka 6 kwa 7, ni 42 tu. Anza na huo. Wa kitanda cha futi tano kwa sita unataka 12 kwa 14, yaani viraka 168, na mtu aliyeanza na 168 mara nyingi huniletea mfuko wa viraka ambavyo havijaunganishwa.

Jina la kanga ndilo linalowasumbua watu, na kwangu ni jambo zito. Pindo na mji vinakubali mkasi, ila maneno usiyakate katikati. Yatoe kama utepe mzima, uyashone upande wa kichwani, yasomeke kwa anayelala. Na uyasome kabla hujashona! Kanga ilikuwa ikisema na watu wa wakati wake, na zawadi nayo itasema. "Wema hauozi" mpe yeyote. "Hasidi hana sababu" mama yako alikuwa na sababu zake za kuivaa, lakini ukimpelekea wifi kitandani atauliza umemkusudia nani. Ya aina hiyo mimi huigeuza ndani, maneno yaelekee kwenye ujazo. Yapo, hayasomeki.

Ujazo hutegemea mahali. Hapa Tanga, katikati natia shuka kuukuu la pamba, basi, maana ujazo ukiwa mnene zaidi mfarishi utakaa kabatini mwaka mzima. Unaokwenda Lushoto au Njombe natia blanketi jembamba lililokwishafuliwa mara kadhaa, lisije likajikunja baadaye na kuuvuta uso wote. Bitana ni marekani. Jina hilo lina historia. Karne ya 19 merikebu kutoka Salem, Massachusetts, zilileta Zanzibar kitambaa kigumu cha pamba kisichopaushwa, pwani nzima ikakiita kwa jina la kwao, na pamba ya viwanda vya kule ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Nitalirudia hilo.

Sasa sindano. Tandaza bitana sakafuni, ivute ikae bapa, juu yake ujazo, juu yake uso. Piga bandi, yaani mishono mirefu ya kushikilia kwa muda, kwa uzi wa rangi ya mbali, mistari ya shibiri moja moja, kuanzia katikati kwenda nje ili mikunjo yote isukumwe ukingoni. Uzi wa kushonea ukate dhiraa moja, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, si zaidi, kwa sababu mrefu hujisokota na kuchakaa kabla hujaumaliza. Upitishe kwenye nta ya nyuki mara mbili. Vaa subana, kile kikofia cha kukinga kidole na sindano, kidole cha kati. Mkono mmoja uwe chini ya nguo, ukisubiri: ncha ikigusa kidole cha chini, irudishe juu hapohapo. Chukua mishono mitatu au minne kwenye sindano ndipo uvute. Urefu wake uwe kama punje ya mchele, na usihangaike na udogo. Hangaikia ulingano, kwa sababu mishono mirefu iliyolingana hushika kuliko midogo inayopishana. Mistari iachane vidole viwili. Fundo livute kidogo mpaka liruke ndani, lilale kwenye ujazo.

Watu huniuliza kwa nini nisitumie cherehani. Viraka naviunga kwa cherehani, sioni vibaya. Lakini mistari inayoshika tabaka tatu naishona kwa mkono, kwa sababu kitambaa kuukuu kikivutwa, mshono wa mkono hulegea kidogo na kukifuata. Wa cherehani haulegei, na nguo hupasuka palepale kwenye mstari. Nimepokea mifarishi mingi ya kutengeneza, na mipasuko hiyo naitambua kwa kugusa tu.

Iko njia nyingine ambayo naipenda kwa mifarishi midogo. Huko Karnataka, India, wanaishi Wasidi, wazao wa Waafrika, wengi wao asili yao upande huu wetu wa mashariki, ambao wahenga wao walifikishwa Goa utumwani chini ya Wareno. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa sari na nguo kuukuu. Hawaungi uso kwanza. Wanaanzia pembeni, wanaweka kiraka, wanakunja ukingo wake kwa kucha, wanakishona moja kwa moja hadi kwenye bitana, wanazunguka wakielekea katikati mpaka nafasi inaisha. Pembe nne hutiwa vipande vilivyokunjwa viitwavyo phula, yaani maua, na bila hivyo wao huhesabu kwamba mfarishi bado uko uchi. Mara ya kwanza kuushona kwa mtindo wao nilikaa kimya muda mrefu nikitazama zile pembe.

Na kule kwenye ardhi ya pamba niliyoitaja, katika kona ya mto Alabama, kipo kijiji cha Gee's Bend, kilichokuwa shamba la watumwa. Mwaka 1942 Missouri Pettway, baada ya kufiwa na mumewe, alichukua nguo zake za kazi zilizopauka kwa jua na jasho akashona mfarishi wa kujifunika, amkumbuke. Tangu 2002 mifarishi ya kijiji hicho hutundikwa katika majumba makubwa ya makumbusho. Ninachokitazama mimi ni kwamba ule aliushona wa kulalia mwenyewe.

Neno moja la lazima kwa wanaoshona kwa ajili ya kichanga: mtoto ambaye hajatimiza mwaka asifunikwe mfarishi akiwa amelala, maana anaweza kukosa hewa. Utandike mkekani achezee juu yake mchana ukimwangalia. Wa kulalia atakuta umemsubiri.

Ukishamaliza wako, utumie bila kuuhurumia. Ufue kwenye beseni, uubinye bila kuunyonga, uuanike kivulini juu ya kamba mbili maana ukilowa ni mzito na kamba moja huukata mgongo. Mwaka ukipita, utandaze uangalie: wapi uzi umekatika, kiraka gani kimechoka, pindo gani limefumuka. Andika. Hapo ndipo ufungue ule mfuko wa mama.

Wa kanga za mama yangu niliushona wa saba, nikampa mdogo wangu aliyeolewa Lushoto. Msimu wa baridi uliopita aliurudisha kwa basi, umekunjwa ndani ya mfuko wa unga. Kiraka kimoja cha upande wa miguuni kimepasuka, na juu yake amebandika kwa pini kipande cha kanga yake mwenyewe, ya buluu, amekikata sentimita 17 kwa 17.