Mafuta ya CBD: aina tatu, chupa nyingi na hesabu ya miligramu

Wateja wanaokuja kaunta na chupa ya mafuta ya CBD, kemikali ya mmea wa bangi, huwa hawajainunua kwangu. Siuzi. Imeletwa na binamu kutoka Minnesota, au imeagizwa mtandaoni na mtu wa boda akaifikisha mlangoni. Wanachotaka kwa mfamasia ni neno moja tu: hii ni ile nzuri? Na kwa wengi, nzuri ni ile iliyoandikwa Full Spectrum, maana ndivyo wanavyosema watu wa video.

Mimi naona kinyume. Kwa mtu anayeishi Nairobi, aina inayosifiwa kuliko zote ndiyo yenye balaa zaidi, na ile inayodharauliwa ndiyo iliyopimwa ipasavyo hospitalini.

Tuanze na mmea wenyewe. Bangi ina kemikali zaidi ya mia moja za jamii ya kanabinoidi. Mbili ndizo maarufu: THC, ambayo hulewesha, na CBD, ambayo haileweshi. CBD ilitengwa mwaka 1940 na mkemia Mmarekani Roger Adams. Umbo lake la kikemia likabainishwa mwaka 1963 na Raphael Mechoulam kule Israel, na mwaka uliofuata yeye na mwenzake Yechiel Gaoni wakaitenga THC. Hempu inayotajwa kwenye chupa nyingi si mmea mwingine. Ni bangi ileile, iliyochaguliwa kizazi baada ya kizazi hadi THC yake ikapungua. Sheria ya kilimo ya Marekani ya mwaka 2018 iliweka mpaka katika asilimia 0.3 ya uzito wa mmea mkavu. Kwa sheria hiyo, chini ya hapo ni hempu, juu ya hapo ni bangi.

Maua yake hukamuliwa kwa ethanoli au kwa kaboni dioksidi yenye shinikizo kubwa, na kinachotoka ni ute mzito wa kahawia wenye kila kitu ndani. Kinachotofautisha aina hizi tatu ni hatua uliyofikia katika kuusafisha. Ukiacha karibu kila kitu, hiyo ni wigo kamili, ile ya Full Spectrum. Ukiondoa THC na kubakiza vingine, ni wigo mpana, ambayo lebo huiita Broad Spectrum. Ukiendelea mpaka ubaki na unga mweupe wa CBD wa asilimia 99 hivi, ndio Isolate. Mimi naiita CBD tupu. Maji ya muwa na sukari nyeupe hutoka shamba moja, ila hakuna anayevichanganya. Baada ya hapo, iwe aina gani, huchanganywa na mafuta ya kula: ya nazi, zeituni au ufuta.

Sasa hiyo wigo kamili. Hoja ya wanaoisifu ni kwamba kemikali za mmea husaidiana, kwa hiyo CBD ikiwa na wenzake hufanya kazi vizuri kuliko ikiwa peke yake. Wazo hilo lilitokana na kazi ya maabara ya akina Mechoulam mwaka 1998, na wakati huo lilihusu kemikali ambazo mwili wenyewe hutengeneza, si mafuta ya dukani. Mwaka 2015 watafiti wa Israel walionyesha kwamba dondoo lenye CBD nyingi lilituliza uvimbe na maumivu kwa mpangilio bora kuliko CBD tupu. Kwa panya. Sidharau utafiti wa panya, lakini kutoka hapo hadi kumwambia mama mwenye baridi yabisi kwamba chupa ya bei ghali zaidi ndiyo itakayomfaa, kuna safari ndefu ambayo wauzaji wameiruka.

Kinachonishughulisha zaidi ni ile asilimia 0.3. Ikisomwa haraka inaonekana kama sifuri. Chukua chupa ya kawaida ya mililita 30. Mafuta yaliyomo yana uzito wa gramu 28 hivi. Asilimia 0.3 ya gramu 28 ni miligramu 84 za THC, yaani karibu miligramu 2.8 katika kila mililita, ambayo ni dropa (kile kibomba cha kudondoshea) moja iliyojaa. Kuna dawa ya hospitali iitwayo dronabinol, ambayo ni THC yenyewe, hupewa wagonjwa wa saratani wanaotapika na wa UKIMWI waliopoteza hamu ya kula. Kidonge chake kidogo kabisa ni miligramu 2.5. Kwa hiyo chupa iliyofika ukingoni mwa kiwango hicho hukupa, kwa dropa moja, THC inayozidi kidonge hicho. Nyingi ziko chini sana ya ukingo, kweli. Lakini lebo haitakwambia yako iko wapi.

Na hapo ndipo Nairobi inapoachana na Minnesota. Sheria yetu ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 inaharamisha bangi, inayataja mafuta ya bangi kwa jina, wala haina mlango ule wa asilimia 0.3. Risiti ya duka la Marekani haitakutetea pale uwanja wa ndege wa JKIA. Juu ya hilo, chochote kinachouzwa nchini kama dawa kinapaswa kusajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, ndiyo sababu kabati langu halina chupa hizo hata wateja wakinibembeleza.

Halafu kuna mkojo. Vijana wengi wa hapa wanasubiri kazi za Ghuba, na kupimwa dawa za kulevya ni sehemu ya mambo. Kipimo hakitafuti CBD. Kinatafuta mabaki ya THC baada ya ini kuishughulikia. Katika utafiti mmoja mdogo wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020, wagonjwa 14 walitumia mafuta ya wigo kamili kwa wiki nne, na nusu yao mkojo ukaonyesha THC. Hawakuvuta chochote. Mtu mwenye tiketi ya Dubai mfukoni hana sababu yoyote ya kugusa chupa hiyo.

Wigo mpana inauzwa kama suluhisho la hayo yote, na kwa nadharia ni kweli. Ila THC haing'oki kama gugu. Hutenganishwa kwa mitambo ya kromatografia, na mtengenezaji mvivu huacha mabaki. Cheti cha maabara kikisema THC "haikuonekana", tafuta namba ndogo iliyo kando yake inayoonyesha mashine huanza kuona kuanzia kiasi gani. Mashine yenye macho mafinyu haioni mengi.

Hiyo CBD tupu haina mvuto wowote. Haina rangi, haina ile ladha chungu ya majani, na haina hadithi ya kusimulia. Lakini ukiuliza ni CBD gani iliyopitia majaribio makubwa ya wagonjwa, jibu ni hiyo. Dawa iitwayo Epidiolex, iliyoidhinishwa Marekani mwezi Juni 2018 kwa aina mbili kali za kifafa cha watoto, Dravet na Lennox-Gastaut, ni CBD iliyosafishwa, miligramu 100 kwa kila mililita, ikiwa ndani ya mafuta ya ufuta. Mwaka 2020 ikaongezewa kifafa kinachotokana na ugonjwa wa tuberous sclerosis. Kwa usingizi, wasiwasi na maumivu ya mgongo, ambayo ndiyo hasa watu huniulizia, hakuna aina hata moja kati ya hizi tatu yenye ushahidi wa kiwango hicho.

Kuna mgeni wa nne ambaye hakualikwa, naye ndiye ninayekutana naye mara nyingi. Mama mmoja wa Ngara aliniwekea chupa yake kwenye kaunta.

"Daktari, hii ina nguvu sana, ona, elfu thelathini."

Kweli, lebo ilikuwa na jani kubwa la kijani na maandishi ya miligramu 30,000, chupa ya mililita 30. Tulifanya hesabu pamoja kwenye kikokotoo cha simu yake. Mililita 30 za mafuta zina uzito wa gramu 28 hivi, yaani miligramu 28,000. Chupa ilidai kubeba kitu kizito kuliko mafuta yote yaliyomo! Nyuma, kwa maandishi madogo, kulikuwa na kiungo kimoja tu: mafuta ya mbegu za hempu. Mbegu hazina CBD ya maana. Iko kwenye maua. Yale ni mafuta mazuri ya kula, yana omega-3, hayana kosa lolote yakimwagiwa kachumbari. Alikuwa ameyalipia kama dawa ya goti.

Miligramu, basi, ndilo jambo la kusoma kabla ya aina. Chupa halali ya miligramu 1,000 katika mililita 30 ina miligramu 33 kwa mililita. Tone moja ni kama sehemu ya ishirini ya mililita, hivyo tone lina miligramu 1.7 hivi. Sasa mtazame mtoto wa kilo 20 anayepewa Epidiolex. Huanza na miligramu 2.5 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku, yaani 100 kwa siku. Hizo ni mililita tatu za chupa yetu. Itaisha kwa siku kumi. Akipandishwa hadi kiwango cha juu cha magonjwa yale mawili ya mwanzo, miligramu 20 kwa kilo kwa siku, chupa haimalizi siku ya tatu. Kwa upande wa pili, mamlaka ya chakula ya Uingereza mwezi Oktoba 2023 iliwashauri watu wazima wenye afya wasizidishe miligramu 10 kwa siku, kutoka 70 za awali, kwa kuhofia ini. Anayeweka matone matano chini ya ulimi jioni yuko karibu na kiwango hicho cha chakula, mbali mno na kiwango cha dawa. Akilala vizuri nafurahi naye, ila sitaiita tiba.

Hata namba hizo ni za kuaminiwa kwa kiasi. Mwaka 2017 JAMA, jarida la kitabibu la Marekani, lilichapisha upimaji wa bidhaa 84 zilizonunuliwa mtandaoni. Ni asilimia 31 tu zilizokuwa na CBD inayolingana na lebo. Asilimia 43 zilikuwa na nyingi kuliko ilivyoandikwa, asilimia 26 pungufu, na 18 kati ya hizo 84 zilikutwa na THC. Ndiyo maana naomba cheti cha maabara chenye nambari ya bechi ileile iliyo kwenye chupa, si cheti cha bidhaa "ya aina hiyo". Kiwe pia kimepima madini mazito, kwa sababu hempu hufyonza risasi na kadimiamu kutoka udongoni kwa bidii kubwa.

Jambo la kuniogopesha kuliko polisi ni dawa zile nyingine. CBD hushindania vimeng'enya vya ini ambavyo dawa nyingi huvihitaji. Mtu wa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, anaweza kupanda INR, kile kipimo cha kuganda kwa damu, na kuvuja damu bila kujua kisa. Mtoto wa sodiamu valproate, dawa ya kifafa, akiongezewa CBD nyingi, vipimo vya ini vinaweza kuruka. Anayetumia klobazamu, nayo ya kifafa, atasinzia kupita kiasi kwa sababu dawa hiyo hurundikana mwilini. Kinyume chake, rifampisini ya kifua kikuu na kabamazepini ya kifafa huichoma CBD haraka, hivyo mgonjwa huongeza matone akidhani chupa ni dhaifu. Na chakula nacho: mlo wenye mafuta mengi unaweza kuzidisha CBD inayoingia damuni mara nne, kwa hiyo matone yaleyale baada ya nyama choma na baada ya chai ya rangi si kipimo kimoja.

Ukiwa na mtoto wa kifafa na umeshaanza kumpa mafuta haya, usiache fenobabitoni au dawa yoyote aliyoandikiwa. Kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokatika. Mwambie daktari wa kliniki ni chupa gani, miligramu ngapi kwa mililita, na mtoto alianza lini, kisha uombe apimwe ini.