Kabla hujamlaumu kijana wa punda, simenti yako ilifikaje?

Nikikaa barazani jioni na mtu akajua mimi ni daktari wa wanyama, lazima niulizwe, eti daktari hawa vijana wanaopiga punda tuwafanye nini. Siku hizi nami namuuliza yeye kwanza: simenti ya nyumba yako pale mtaa wa Langoni ilipanda vipi? Kwa punda. Kila punda alibeba mifuko mingapi? Hapo mtu anageuza maongezi, anaulizia bei ya samaki.

Kwa msiopajua Lamu, mji wa kale vichochoro vyake ni vyembamba, gari halipiti. Mawe, mchanga, simenti, mbao, mpaka friji ya bi harusi, vyote vinapita mgongoni kwa punda. Sasa punda wetu hawa kihongwe, yaani punda wa mizigo, wengi wao wana kilo kama 150 hivi, na mgongoni mwake punda hatakiwi kuzidishiwa thuluthi ya uzito wake, yaani kilo 50. Mfuko wa simenti ni kilo ngapi? 50. Ni mfuko mmoja kila safari na hapo ameshafika mwisho wake. Lakini mteja anataka mifuko 20 iwe imefika kabla ya adhuhuri kwa sababu fundi anasubiri, na bei ameshaivuta mpaka haivutiki tena, so kijana afanye nini, anapakia miwili miwili, punda akifika kwenye ngazi anagoma, fimbo inatoka. Wewe umeiona fimbo tu, yale maelewano ya bei asubuhi hukuyaona, au uliyaona maana ulikuwa mmoja wao.

Na nisijifanye malaika. Nilipokuwa najenga choo cha mamangu niliita punda wa mchanga, nikabargain kama kila mtu, nikasema nataka kazi iishe leo leo. Siku ya tatu nikaletewa punda ana kidonda mgongoni upana wa kiganja, chini ya shogi, lile kapu la mizigo la mgongoni, na aliyemleta akaniangalia tu hakusema kitu. Nilimjua yule punda, ndiye aliyebeba mchanga wangu. Nikamtibu bure na aibu juu.

Tatizo la punda halalamiki. Mbuzi akiumia mtaa mzima unajua, punda anasimama kimya, anainamisha kichwa kidogo, masikio yamelegea, watu wanasema huyu mvivu. Ukiona anahamisha uzito mguu huu mguu ule, au majani yako mbele yake na hayataki, usisubiri kesho. Punda akikaa hata siku moja mbili bila kula mafuta ya mwilini yanaanza kumwagika kwenye damu, ini linashindwa, na ikifika hapo hata mimi mara nyingi nakuwa nimechelewa. Halafu kuna vidonda vya kwato na msumari. Wenzetu waliounda neno pepopunda hawakukosea sana, punda ni mwepesi mno wa kushikwa na huo ugonjwa, kidonda kidogo tu kichafu kinatosha. Kwa hiyo jamani oili chafu ya injini kwenye kidonda, hapana. Majivu hapana. Maji ya bomba yaliyochemshwa yakapoa, chumvi kidogo, osha, kisha mlete.

Pa kumleta papo. Kliniki ya Donkey Sanctuary iko hapa mjini tangu 1987 na matibabu ni bure, bado kuna watu wanamficha punda nyumbani wakidhani watatozwa au watanyang'anywa. Ukimwona punda anachechemea, mwambie mwenyewe taratibu, "kaka, punda wako kama hayuko sawa, twende naye pamoja." Kumrekodi mwenye punda na kumtupia Facebook naelewa hasira yake, ila nimeona mara nyingi matokeo yake: wiki nzima punda hatoki nje, na kidonda kinaozea ndani. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, ipo, na kuzidisha mzigo kumetajwa humo sambamba na kupiga. Anayerudia makusudi mpelekeni polisi, sina neno. Wengi lakini sio wakatili, ni watu wa kipato cha siku.

Jambo jingine, jaa la taka. Punda wa hapa wakimaliza kazi wanaachiwa wazurure, wanakula maganda, na plastiki pia. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017 na nafuu imeonekana, ila viroba na makaratasi ya nailoni bado yapo, mtu anafunga mabaki ya wali ndani anatupa. Punda hafungui fundo, anameza vyote, tumbo linaziba. Mabaki yamwage bila mfuko, ni sekunde mbili. Na ndoo ya maji mlangoni kipindi cha kaskazi, hata ya kuoshea vyombo ya kwanza isiyo na sabuni, atakushukuru. Najua mtasema shukrani ya punda ni mateke. Miaka yote hii nimepigwa teke mara mbili, zote mbili nilikuwa nimeshika jeraha.

Mkiita punda wiki hii semeni hivi tu: mfuko mmoja kila safari na nitalipa safari zote. Itazidi kidogo, ndio.

Halafu, mwenye godoro la sufi kuukuu asilitupe baharini. Matandiko ya punda ya gunia la nailoni ndiyo yanayochuna mgongo, sufi ndani ya kitambaa cha pamba inakaa vizuri, godoro moja linatoa matandiko kadhaa. Niachieni pale kliniki, hata kama limekojolewa na watoto, nitalianika.