Kadi ya njano hailipi gari lako, jamani

Mwezi uliopita tena. Simu saa nne usiku, jamaa yuko Serenje, Zambia, katoka Dar na Noah anaenda Lusaka kwenye harusi na familia yake, kamkwepa mtu wa baiskeli akaingia mtaroni, gari limelala ubavu. Watu wote wako salama, michubuko tu, namshukuru Mungu. Afu ananiambia, "kaka usiwe na wasiwasi, kadi ya njano ninayo, niambie tu lini wanakuja kulichukua gari". Huyo ni wa tatu tangu mwaka uanze. Nashughulika na madai ya bima ya magari yanayovuka Tunduma, boda yetu na Zambia, na hii imani inaumiza watu, kwa hiyo leo naandika.

Kadi ya njano ya COMESA, ule umoja wa soko wa nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, ni bima ndogo inayovuka boda. Basi. Ukigonga mtu, ukuta, ng'ombe au gari la mwenzio kule, kadi inasimama kulipa kwa viwango vya sheria ya nchi uliyogongea, siyo vya kwetu, na inagusa pia matibabu ya dereva na abiria wako. Gari lako lenyewe halimo. Kioo hakimo, bodi haimo, kulivuta hakumo.

Hapo ndo huwa naambiwa "lakini mi nina bima kubwa". Sawa, unayo, ile inayolipa na gari lako, ila bima kubwa ina mipaka ya eneo imeandikwa kwenye mkataba, ule ambao hukuusoma ukachukua stika ukaondoka, na ukitoka nje ya eneo hilo lazima kampuni ikuandikie nyongeza, na nyongeza inalipiwa. Kadi inavusha upande wa bima ndogo tu, upande wa gari lako unabaki Tunduma unakusubiri. Wakala anakwambia "ukiwa na kadi uko safi mpaka Kongo", na kwa maana ya kutosumbuliwa na trafiki kuhusu bima hajakudanganya, ila wewe umesikia "gari langu liko salama mpaka Kongo", na hayo ni maneno mawili tofauti kabisa. Muulize hivi: nikipinduka mwenyewe nje ya Tanzania, bila kumgusa mtu, mnalipa gari? Akisema ndiyo, mwambie akuoneshe ilipoandikwa. Na kadi haisimami peke yake, imepanda mgongoni mwa bima yako ya hapa, bima ikiisha ukiwa Mpika, ndani ya Zambia, na kadi imeisha.

Kuna wengine wanakuja na kinyume chake, eti Tanzania ilitoka COMESA mwaka 2000 kwa hiyo kadi ni karatasi tu. Kutoka tulitoka kweli, ila kwenye mpango wa kadi tumo. Msumbiji, Botswana na Afrika Kusini hawamo. Afrika Kusini wana mfuko unaochangiwa kupitia bei ya mafuta, unalipa watu walioumia, magari haulipi. Angalia nchi zilizoandikwa kwenye kadi yako, iliyokatwa hujalipiwa. Na ukivuka Kasumbalesa kumbuka Kongo wanaendesha kulia, usukani wako uko upande mbaya kwa ku-ovateki.

Ajali yenyewe ikitokea: toa watu barabarani, mbali na lami kabisa, maana usiku ile Great North Road malori ya shaba hayana simile. Weka alama, piga picha kabla gari halijasogezwa, chukua namba ya kesi kituoni. PF3, ile ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitali, ni fomu ya kwetu, usikae unaiulizia Zambia wakati mtu anavuja damu, mpeleke hospitali. Afu taarifu kampuni yako siku hiyohiyo, na ofisi inayosimamia kadi kwenye nchi uliyopo.

Sasa kuna kitu kinanisumbua. Tunafundishwa kumwambia mteja asikiri kosa, akae kimya. Nimelisema hilo miaka mingi na siku hizi nalisema kwa shingo upande. Mtoto wa watu kaumia, kijiji kimekusanyika, na wewe umesimama kama nguzo ya umeme? Hapo ndo watu wanapandisha hasira. Kwetu neno lipo, pole, na pole siyo samahani, pole unampa hata mtu aliyejikwaa mwenyewe. Shida ni kwamba ukishavuka unaongea Kiingereza, na pole na samahani zote zinageuka sori. Nimeshasoma maelezo ya polisi ambayo dereva wetu kaandikwa kwamba aliomba radhi palepale kwa kosa lake, na nikimuuliza anasema nilikuwa nawapa pole tu. Mi nasema pole itoe, hospitali nenda nao, ila kwenye maelezo eleza kilichotokea tu, usisaini usichokielewa, usiahidi hela. Najua kuna wenzangu kwenye kazi hii watanipinga na sina hakika kama kila mara niko sahihi, lakini siwezi kumfundisha mtu anyamaze mbele ya mama anayelia.

Kitu cha mwisho, ambacho karibu kila mtu anakisahau, ni kibali cha muda cha forodha. Gari limeingia Zambia kwa siku zinazohesabika. Likilala gereji kwa fundi siku zikapita, forodha wanaliona ni gari lililoingizwa nchini bila ushuru, hata kama limebaki chuma chakavu, kwa hiyo nenda mapema na ripoti ya polisi uombe waongeze siku. Yule jamaa wa Serenje hakujua. Tulibaki tunahesabu siku huku anatafuta lori linalorudi tupu, na Noah ikafika Tunduma imepakiwa juu zikiwa zimebaki siku mbili, nauli kalipa mwenyewe.