Kuchambua insha kwa kompyuta si kutoa maksi

Hapa Kigoma naisikia kauli hii kila walimu wanapokaa pamoja: uchambuzi wa insha kwa kompyuta ni mashine kusahihisha badala ya mwalimu. Sivyo. Ni kutumia programu kuonyesha jinsi mwanafunzi alivyotumia matini alizopewa kujenga hoja: amechukua nini, wapi, na amekifanyia kazi gani.

Mkanganyiko una historia. Mwaka 1966 Mmarekani Ellis Page alipendekeza kompyuta isahihishe insha. Programu yake ilikisia maksi kwa dalili za nje, kama urefu wa insha na idadi ya mikato. Maksi zilikaribiana na za walimu, lakini hoja iliyolegea haikuguswa.

Sasa chukua swali: kwa nini Kigoma iliupita kibiashara mji jirani wa zamani wa Ujiji? Wanafunzi wana matini mbili. Moja inasema Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Nyingine inaeleza kuwa ghuba ya Kigoma ina kina na imejikinga kuliko ufukwe wa Ujiji. Mmoja anaandika: "Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Ghuba ya Kigoma ina kina." Mwenzake: "Reli ilifuata bandari, kwa kuwa meli huhitaji maji yenye kina, mizigo nayo ikaifuata reli." Programu ikilinganisha kila sentensi na matini, inaona wa kwanza amenakili bila dai lolote, na wa pili ameunganisha vyanzo viwili kwa sababu. Mwalimu mwenye darasa lililofurika anajua pa kuanzia kesho.

Wengine wanasema kinachosakwa ni wizi wa maandishi. Hilo nalo linaniudhi, maana mtoto anaogopeshwa bure. Insha ya vyanzo, yaani inayojengwa kwa matini alizopewa mwanafunzi, lazima ifanane na vyanzo vyake. Isipofanana hata kidogo, huenda hakuvisoma.

Kiswahili kinadai uangalifu zaidi. Programu inayohesabu maneno tu itaona "ilijengwa", "wakajenga" na "ujenzi" kuwa maneno matatu yasiyojuana. Mwanafunzi aliyeeleza chanzo kwa maneno yake mwenyewe, yaani aliyefanya vizuri, ataonekana hakukigusa. Viambishi vitenganishwe na mzizi kwanza.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, ukituambia kompyuta imechambua insha za Kidato cha Pili, tuambie imekuonyesha nini kuhusu hoja zao. Kama imekupa namba peke yake, hapo imekisia maksi tu.